Sauti ya Bitutu Katika Nyumba Inayojibu

Waliokuwa nasi juma lililopita wanakumbuka tulimwacha Manasseh Ombati katikati ya uwanja wa mjini Kisii, watu wamemzunguka wanampigia makofi, naye moyoni anaomba ardhi ipasuke immeze. Kwa aliyeketi nasi leo mara ya kwanza, mambo yalikuwa hivi.

Manasseh alikuwa fundi wa umeme, mzaliwa wa Manga. Alikaa Nairobi miaka mingi akifunga taa za jukwaani katika jumba la maonyesho, kisha mwaka wa sabini na tatu akarudi nyumbani na sanduku la nyaya na wazo moja ambalo halikumpa raha. Sherehe za Jamhuri za mwaka uliofuata zilipokaribia, wakubwa wa mji walimpa pembe ya uwanja afanye atakalo. Akajenga nyumba ya mianzi, akaifunika kwa turubai na mablanketi mpaka ndani mchana ukawa giza.

Juu akaning'iniza vibuyu vilivyotobolewa matundu, kila kimoja na balbu ndani yake. Chini akatandika mbao juu ya springi za vitanda. Ukikanyaga ubao, kibuyu chake kinawaka, chekundu au cha kijani au cha manjano, na sauti yake inatoka: nyundo za wachonga mawe, kengele za ng'ombe, mvua kwenye migomba, nyuzi za obokano, kinubi cha Wakisii. Ukiondoa mguu, giza na kimya. Watu wakikanyaga kwa pamoja, nyumba nzima inaimba na kuwaka, na hakuna wimbo uliotoka mara mbili. Watu wenyewe ndio waliokuwa wapigaji. Wakaiita Nyumba Inayojibu.

Ubao wa pembeni ulitoa sauti ya mwanamke akimbembeleza mtoto. Huo ndio uliomponza.

Mwanamke yule alikuwa Bitutu, binti wa Nyanchera wa Manga, mke wa Onyancha wa Nyaramba. Na kila mtu kuanzia Manga hadi Nyaramba alijua kwamba Bitutu amekufa. Alitoweka miaka minne nyuma, kitenge chake kikaokotwa kando ya mto. Kila mtu alimjua na muuaji pia, ingawa polisi walimweka Onyancha ndani kisha wakamwachilia kwa kukosa maiti.

Waliojua kwamba Bitutu yu hai walikuwa watu wawili tu: Manasseh, na shangazi yake Abigael, mjane aliyeishi Nyacheki, aliyemficha Bitutu kwenye shamba lake la chai.

Manasseh alimkuta huko bila kutarajia, alipokuwa akizunguka na kinasa sauti kutafuta milio ya nyumba yake. Bitutu alimshika mkono akamsihi asimwambie mtu, hata mama yake mzazi, maana mama angeshindwa kuficha furaha na Onyancha angemfuata. Manasseh aliapa kwa jina la Mungu. Jioni ile ile Bitutu alianza kumwimbia mtoto wake jikoni, na Manasseh akasimama nyuma ya ukuta wa udongo na mashine yake, akauchukua ule wimbo wote. Hakuwahi kusikia kitu kizuri kama kile. Alijiambia ni sauti tu, na sauti haina uso.

Siku ya ufunguzi, Nyanchera aliingia pamoja na akina mama wa Manga, akaukanyaga ubao wa pembeni, akaganda. Alipotoka alimuuliza Manasseh ni lini alipoichukua sauti ya mwanawe. Mbele ya umati wote, Manasseh alisema aliichukua zamani, kabla ya msiba.

Tuliishia hapo. Sasa sikilizeni uongo huo ulivyozaa.

Kesho yake asubuhi Nyanchera alikuwa mlangoni kabla Manasseh hajafungua. Alikuwa ameteremka kutoka Manga kwa miguu, na mkononi ana ndizi mbivu zilizofungwa kwa jani la mgomba. Zawadi. Alimwambia Manasseh kwamba mto ulimnyang'anya mwanawe hata kaburi hakupata, na sasa Mungu amemtumia fundi amrudishie walau koo lake.

Alivua viatu kana kwamba anaingia kanisani. Akasimama juu ya ubao, kibuyu cha manjano kikamwangazia kitambaa cha kichwa, naye akafumba macho.

Manasseh alijaribu kula ndizi moja. Akairudisha kwenye jani.

Nyanchera akaja tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Watu waliokuwa ndani walimpisha. Wengine waliacha kucheza na mbao zao wakasikiliza naye, na mara nyingine mama mmoja angekanyaga polepole ubao wa mvua, ili wimbo ule usiwe peke yake. Manasseh alikuwa ameota jambo la namna hiyo tangu Nairobi: watu wasiojuana kushirikiana kutengeneza kitu kizuri gizani. Sasa lilikuwa likitendeka mbele yake, naye alilazimika kwenda nje kuvuta pumzi.

Asubuhi moja dhamiri ilimzidi, akakata waya wa ubao ule. Alifikiri kwamba wimbo ukifa, mama atarudi kwake, na jambo litasahaulika.

Nyanchera alikanyaga, hakukuwaka kitu. Akaondoa mguu, akakanyaga tena, safari hii kwa nguvu kidogo, kama mtu anayebisha mlango. Kisha akaketi pale pale sakafuni, miguu ameikunja. Manasseh aliunganisha waya.

Juma jipya lilipoanza, akaja Onyancha.

Alipoingia uwanjani, watu walisogea kama maji yanavyolikwepa jiwe. Waliokuwa ndani ya nyumba walitoka kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mtu mkubwa aliyepungua. Koti lilimning'inia mabegani. Tangu Bitutu atoweke, sokoni Nyaramba hakuna aliyenunua ndizi zake, na kanisani benchi aliloketi lilibaki lake peke yake.

Alikaa ndani muda mrefu. Wimbo ulizunguka na kuzunguka. Alipotoka uso wake ulikuwa umelowa, na alikuja moja kwa moja hadi alipo Manasseh.

"Sikumuua," alisema. "Nilimpiga, hilo silikatai. Nilimvunja mkono kwa mpini wa jembe, na mkono wangu huu naujua. Lakini sikumuua. Mtu pekee anayeweza kuniamini ndiye yule anayeimba mle ndani, naye amekufa."

Manasseh alimtazama chini, kwenye viatu. Hakuweza kumtazama kwingine.

Onyancha hakuomba mengi. Aliomba afagie nyumba ile, abebe maji, akaze kamba za turubai, kazi yoyote, bila malipo, ili asiwe mbali na sauti. Alisema ametumia miaka minne akijaribu kuikumbuka ilivyokuwa kabla haijaanza kumwogopa.

Utamkatalia vipi mtu wa namna hiyo, ilhali umeubana mdomoni ukweli unaoweza kumfungua? Manasseh alimpa ufagio.

Basi ikawa hivyo. Mama akisikiliza ndani, mkwe akifagia nje, wasisalimiane wala kutazamana. Na Manasseh kati yao, akibadilisha balbu zilizoungua, akipokea sifa za wageni waliofika kutoka mbali kuiona Nyumba Inayojibu. Mwandishi wa gazeti alimpiga picha. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye mwanzoni alisema nyumba ile ni ya mapepo, alikanyaga kengele za ng'ombe akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akambariki Manasseh kwa kumwekea mkono kichwani. Manasseh aliupokea mkono ule kama mtu anayepokea kofi.

Akisema ukweli, atamtua mama mzigo wa msiba na atamsafisha Onyancha jina. Lakini atakuwa amemkabidhi Bitutu kwa mkono uliomvunja. Akinyamaza, kila siku anawazika watu wawili walio hai. Alilipima jambo hili asubuhi, akalipima mchana, na kila alipolipima aligundua kwamba lisingekuwapo kama yeye asingetaka kusifiwa.

Yafaa kueleza jambo moja kuhusu ubao ule, kwa maana ndilo lililoleta mkasa. Kanda yenye wimbo ilikuwa ikizunguka muda wote ndani ya sanduku lake, mtu awepo asiwepo. Ubao uliwasha taa na kufungua spika, basi. Kwa hiyo kila aliyekanyaga aliuokota wimbo pale alipoukuta. Wengi waliukuta kwenye kuvuma na kuguna, kule ambako mwimbaji hakutamka neno. Na palipokuwa na maneno, kelele za mbao nyingine ziliyafunika. Manasseh mwenyewe alikuwa ameacha kuyasikiliza, na Onyancha alipoyasikia aliyaona maneno tu ya wimbo.

Alhamisi mvua ilinyesha na watu hawakuja. Nyanchera alikuja. Alisimama juu ya ubao wake peke yake, hakuna kengele, hakuna nyundo, na wimbo ukapita wote mbele yake, mwanzo hadi mwisho.

Alitoka akamwambia Manasseh wasogee nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa turubai. Aliongea kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, Kemuma ni nani?"

Manasseh alijibu kwamba labda ni jina tu la kwenye wimbo, kama nyimbo zilivyo.

"Kemuma ni jina la mama yangu," alisema Nyanchera. "Anasema, nyamaza Kemuma, bibi yako yuko ng'ambo ya kilima. Bitutu alipotoweka hakuwa na mtoto. Sasa niambie, alikuwa akimwimbia nani jina la mama yangu?"

Mvua ilipiga juu ya turubai. Manasseh alitafuta uongo wa pili wa kuushikiza ule wa kwanza, akaukosa. Na kukosa kwake kukawa jibu.

"Yuko hai," Nyanchera alisema. Hakuwa anauliza.

Manasseh aliinamisha kichwa. Kisha akamwambia yote: wimbo wa jikoni, kiapo, tamaa yake, uongo wake wa siku ya ufunguzi. Mahali tu ndipo alipopaficha. Nyanchera alisikiliza bila kumkatiza, na swali lake la kwanza lilikuwa kama mkono ule uliovunjwa na Onyancha ulipona.

"Ulipona, mama. Umepinda kidogo."

Aliuliza kama mtoto ana afya. Aliuliza anafanana na nani. Manasseh alimjibu kwamba mtoto ni wa kike, ametimiza miaka mitatu, alizaliwa miezi michache baada ya Bitutu kukimbia, na paji la uso ni la Onyancha.

Alitarajia mama ataruka, au atamrukia yeye kwa makucha, na yote mawili angeyaona ni haki. Nyanchera hakufanya lolote kati ya hayo. Aligeuza uso kuelekea kule mbele, alikokuwa Onyancha akisukuma maji ya mvua kwa ufagio yasiingie ndani.

"Mtu yule nilimlaani," alisema. "Nilisimama mbele ya kanisa nikasema damu ya mwanangu imo mikononi mwake, na kanisa likasema amina. Sabato hii nitasimama tena pale pale, niseme nilimzushia."

Manasseh alimwomba. Alimkumbusha mpini wa jembe. Alimwambia kwamba Onyancha akijua tu, ataenda kumdai mke na mtoto, na wazee watampa, kwa kuwa ng'ombe wa mahari alilipa na hakuna aliyewarudisha. Alimwomba anyamaze, kwa ajili ya Bitutu.

"Wewe uliweza kulala na uongo," Nyanchera alimjibu. "Mimi nikilala nao nitaamka nao mbinguni. Kunyamaza siwezi. Kumpa mwanangu nafasi, hilo naweza. Kesho ni Ijumaa. Nenda ukamwambie ajiandae, akitaka kukimbia tena akimbie. Na mwambie mama yake naye bado yu hai."

Akajifunika shuka lake, akashika njia ya Manga katika mvua ile ile. Hakuaga.

Ijumaa Manasseh alidamka kwenda Nyacheki. Nyumba ilihitaji mtu wa kuiangalia, kwani wanafunzi walikuwa wameahidiwa kuletwa siku hiyo, na mtu aliyekuwapo alikuwa mmoja. Onyancha alipokea ufunguo wa sanduku la kanda kwa mikono miwili. Alimwambia aende salama, asiwe na wasiwasi.

"Ndugu yangu," alimwita.

Neno lile lilisafiri na Manasseh njia nzima, juu ya lori la majani chai lililokuwa likirudi tupu, likiteleza na kukwama kwenye matope. Alipanga maneno ya kumwambia Bitutu. Kila alivyoyapanga, yalianza na kosa lake na kuishia na yeye mwenyewe kuomba asamehewe, akaona aibu, akayaacha.

Alimkuta shangazi Abigael shambani, kikapu mgongoni, akichuma. Mjane yule alikuwa amempenda Manasseh tangu utoto wake. Safari hii hakuacha kuchuma.

"Hukukutana naye njiani?" aliuliza.

Manasseh aliuliza ni nani huyo.

Abigael alimweleza huku mikono yake ikiendelea na chai. Jana kwenye kituo cha kupimia majani, wachumaji walikuwa wakiongea habari za nyumba ya ajabu mjini Kisii, yenye taa ndani ya vibuyu, ambamo marehemu wa Manga humwimbia mtoto. Bitutu aliuliza ni wimbo gani. Mmoja wao, aliyekuwa amefika huko, akauvumisha. Bitutu akaweka kikapu chini. Alfajiri ya leo amembeba mtoto, amejifunika kitenge kichwani, ameondoka na gari la maziwa.

"Hakulia," alisema shangazi. "Alisema anataka kwenda kusikia alichoibiwa." Kisha kwa mara ya kwanza akamtazama. "Nilikupa kitanda, Manasseh, nikakupa chakula. Nawe ukaweka sikio la chuma kwenye ukuta wangu."

 Manasseh aligeuka akaanza kushuka mteremko mbio, akipita kati ya michai, akianguka, akiamka. Katekista mmoja mwenye baiskeli alimbeba kipande, lori la mchanga likambeba kipande kingine. Kote huko aliona kitu kimoja tu: Bitutu akifika kwenye nyumba ile, na mtu aliyeketi mlangoni.

Jua lilikuwa limeegemea magharibi alipoingia uwanjani. Hakukuwa na kelele wala vurugu. Watu walikuwa wamepanga mstari mbele ya nyumba, wakingoja kwa utulivu, na Onyancha amesimama mlangoni na ufagio wake, kama askari.

Manasseh alivuta pumzi. Pengine hajafika, aliwaza. Pengine moyo ulimbadilika njiani.

Onyancha alipomwona alitabasamu, jambo ambalo Manasseh hakuwahi kuliona. Alimweleza kwamba siku imekwenda vizuri, wanafunzi walikuja wakaondoka na furaha. Balbu moja tu imeungua, ameshaibadilisha. Sasa watu wanangoja kidogo. Alikuwa nyuma akikaza kamba, na aliporudi akaambiwa na watu wa kwenye mstari kwamba kuna mama mgeni ameingia na mtoto, amejifunika kitenge, ameomba aachwe peke yake.

"Nikawaambia wangoje," alisema Onyancha. "Mimi najua mtu akitaka kuachwa peke yake mle."



Ndani ya nyumba ubao wa pembeni ulikanyagwa. Kupitia tundu la blanketi mwanga wa manjano ulipenya. Wimbo ukaanza kutoka, ule ule, ukivuma na kuguna, na watu wa kwenye mstari wakanyamaza kama ilivyokuwa desturi yao. Ukafika kwenye maneno. Nyamaza, Kemuma.

Na sauti nyingine ikaingia chini yake. Ilianza kwa kusitasita, ikichelewa nyuma ya ile ya kwanza, kisha ikaipata, zikaenda pamoja. Zilikuwa sauti ya mtu mmoja. Mtoto akacheka.

Onyancha aligeuza kichwa. Wiki ile yote alikuwa amefagia kuizunguka nyumba ile, na hakuna mlio ndani yake ambao hakuujua. Tabasamu lilimtoka usoni polepole. Alimtazama Manasseh, na alipouliza aliuliza kwa unyenyekevu, kama mwanafunzi amwulizavyo mwalimu.

"Ndugu yangu, ubao ule una spika ngapi?"

Manasseh angeweza kusema mbili. Neno lilikuwa pale, jepesi, limekaa kwenye ncha ya ulimi. Lingempa muda, lingempa Bitutu mlango wa nyuma. Lakini Sabato ingeingia jua likizama, na kesho yake Nyanchera angesimama kanisani, naye Manasseh alikuwa amekwisha kuona uongo wake mmoja unavyoweza kumweka mama sakafuni.

"Moja," alisema.

Onyancha aliuegemeza ufagio kwenye mwanzi, akajipangusa mikono kwenye koti, akalishika blanketi la mlangoni.